LORI LILILOLALA DUMILA

Mtu atokaye Morogoro mjini kwenda Dodoma huanza safari yake katika kituo cha mabasi cha Msamvu, akaiacha Milima ya Uluguru nyuma yake, na kwa muda wa saa moja na zaidi akawa katika nchi tambarare ya bonde la Mto Wami. Hupita Dakawa penye mashamba makubwa ya mpunga, huvuka Wami, hufika Magole inakoanzia njia ya Turiani, na akishauvuka Mto Mkundi huwa ameingia Dumila. Mwendo wote ni karibu kilomita 70. Kaskazini huonekana Milima ya Nguru, na magharibi milima ya Ukaguru, ambayo asubuhi huwa na rangi ya buluu kama moshi wa kuni mbichi.

Dumila ni njia panda, na riziki ya watu wake hutoka katika njia panda hiyo. Barabara kuu huendelea mbele kwa kupanda vilima kuelekea Magubike na Gairo hadi Dodoma. Nyingine hukata kushoto kwenda Mvumi, Msowero, Rudewa na Kilosa, na mbele zaidi Mikumi, ambako hukutana na barabara ya Iringa. Kando ya lami nyanya hupangwa mafungu mafungu, vitunguu hufungwa katika nyavu, mahindi hulala katika magunia, na mchele hupimwa kwa debe. Basi likisimama, akina mama na vijana hulizunguka wakiwa wameinua sinia na ndoo mpaka usawa wa madirisha. Likiondoka, hurudi kivulini kungoja jingine. Hapana shaka mtu anayetaka kuijua Dumila hana budi kusimama hapo kwa saa moja tu, naye ataona kwamba kila kitu katika mji huu ama kinakwenda ama kinangoja kwenda.

Ndiyo sababu gari lililosimama miaka minne katika ua wa nyumba moja mjini hapo lilikuwa jambo la kuzungumzwa na mtaa mzima.

SHAURI LA FAMILIA

Lori hilo, aina ya Bedford, lilikuwa mali ya marehemu kaka yangu. Katika uhai wake lilibeba mahindi, vitunguu na mpunga, na wakati mwingine matofali na mchanga. Lilisomesha watoto wanne. Kaka alipofariki dunia lilikuwa limeegeshwa chini ya mwembe, na hapo lilibaki. Mwaka wa kwanza hapakuwa na aliyethubutu kuligusa. Mwaka wa pili hapakuwa na fedha. Kufikia mwaka wa tatu majani yalikuwa yameota kati ya magurudumu, na kuku wakawa wanataga chini ya tela lake.

Mwezi wa Agosti, 2024, nilipata ujumbe kutoka kwa shemeji yangu, mjane wa marehemu. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amefika na kutaja bei yake, na ameahidi kurudi siku ya Jumatatu akiwa na fedha mkononi. Mwanawe mkubwa alitaka lori liuzwe, ili fedha hizo ziwe malipo ya kwanza ya pikipiki ya kubebea abiria. Yeye mwenyewe hakutaka. Alikuwa na ekari tatu za mpunga na vitunguu, na kila msimu sehemu kubwa ya faida yake iliishia katika kukodi magari ya watu. “Shemeji,” aliniambia, “njoo utuamue. Kama ni chuma, basi ni chuma. Lakini kama bado ni gari, sitaki kuliuza kwa bei ya chuma.”

Niliona maneno hayo ni ya haki. Nikaondoka siku ya Ijumaa.

Siku zile watu wengi katika basi walikuwa wakizungumza habari za treni ya umeme, ambayo mwanzoni mwa mwezi ule ule ilikuwa imezinduliwa rasmi kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Reli hiyo hupita Kilosa, kama ilivyopita reli ya kati ya zamani tangu enzi ya Wajerumani. Dumila haipitiwi na hii wala ile. Tena treni hiyo kwa wakati ule ilikuwa ya abiria. Kitunguu cha Dumila, kama kilivyokuwa tangu zamani, kilikuwa bado kinangoja lori.

FUNDI WA KIMAMBA

Nilipofika, kijana yule alinipokea mzigo wangu. “Shikamoo, baba mdogo.” “Marahaba, mwanangu.” Alikuwa na adabu, lakini nilimwona kwamba moyo wake umekwisha kuamua. Alinieleza kuwa wamejaribu kuliwasha mara mbili. Mara ya kwanza kwa betri ya kuazima, wakashikilia stata mpaka nyaya zikatoa moshi. Mara ya pili walitaka kulivuta kwa trekta, ila mwenye trekta hakutokea. “Pampu ya dizeli imekufa,” alisema. “Hata mnunuzi amesema hivyo.”

Nilimwuliza kama kuna fundi aliyeifungua pampu hiyo. Hapakuwa naye.

Jioni ile shemeji alinipeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa matrekta na malori katika mashamba ya mkonge ya Kimamba ujanani mwake. Sasa ana shamba dogo upande wa Msowero, na huja Dumila siku za mwisho wa juma. Tulimwamkia, akatusikiliza hadi mwisho bila kutukatiza, kisha akauliza maswali matatu. Gari lilizimwa likiwa zima au likiwa bovu? Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Na tangu hapo nani amekuwa akiingia ndani yake?

Shemeji alijibu kwamba lilizimwa likiwa zima, mafuta yalikuwa robo ya tangi, na walioingia ndani ni watoto wa mtaa wakicheza udereva.

“Basi,” akasema mzee, “gari hilo halikufa. Limelala. Aliyelala haamshwi kwa teke.”

KABLA YA KUGUSA UFUNGUO

Jumamosi saa 1 asubuhi alifika na mfuko wa spana. Kijana wetu alitaka kuanza na betri. Mzee akasema betri itangoja, kwanza tutazame.

Naandika hatua alizozifuata, ndugu msomaji, kwa sababu kuna nyumba nyingi zenye gari au trekta lililosimama, na mengi hufa siku ya kuamshwa kwa pupa ya waamshaji.

Alianza kwa kuchomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa nyeusi na nzito, lakini haikuwa na rangi ya maziwa, ambayo ingekuwa dalili ya maji kuingia. Akaimwaga yote, akatia mpya na chujio jipya. Kisha akafungua chujio la hewa. Humo tulikuta kiota cha panya, chenye manyoya, maganda ya karanga na vipande vya gunia. “Mngeliwasha na hiki,” alisema, “injini ingevuta takataka hizi au ingekosa pumzi.” Panya hao walikuwa pia wametafuna nyaya tatu karibu na stata. Nyaya hizo ndizo zilizotoa moshi siku ile.

Halafu akazifungua nozeli zote sita kutoka katika kichwa cha injini. Kila tundu alilitia kijiko cha oili safi, akaacha oili iteremke taratibu kuzunguka pistoni. Sababu yake ni kwamba injini ikikaa muda mrefu, unyevu huingia kupitia valvu zilizobaki wazi, na ukuta wa silinda hushika kutu nyembamba. Pistoni ikisukumwa kwa nguvu juu ya kutu hiyo, pete zake huvunjika. Tulikwenda kula chakula cha mchana, tukarudi alasiri. Hapo akaweka spana ndefu katika nati ya puli ya mbele, akaivuta kwa mikono miwili, bila kuitikisa. Haikwenda. Akangoja. Akavuta tena. Ikasogea upana wa kidole, kisha upana wa kiganja, kisha ikazunguka mzunguko mzima.

Nilimwona shemeji amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. Hakusema neno.

NJIA YA MAFUTA

“Sasa,” alisema mzee, “tuyafuate mafuta kutoka yanakotoka mpaka yanakokwenda. Tusirukie katikati.”

Huo ndio moyo wa kazi yote, na hapa yafaa kueleza kidogo. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche. Injini ya dizeli, ambayo Mjerumani Rudolf Diesel aliifanikisha mwaka 1897, haina cheche. Pistoni huibana hewa mpaka ujazo wake unapungua mara 16 au zaidi, na hewa iliyobanwa hivyo hupata joto la zaidi ya nyuzi 500. Wakati huo huo pampu husukuma tone la dizeli kupitia nozeli, likawa kama ukungu, likawaka lenyewe. Kwa hiyo injini hii haihitaji mengi ili iwake: ibane vizuri, izungushwe kwa kasi ya kutosha, na ipate mafuta safi yasiyo na hewa. Hewa ikichanganyika na mafuta katika pampu, pampu hubana hewa badala ya kusukuma mafuta, na nozeli haifunguki.

Tulianza katika tangi. Alifungua nati ya chini, akakinga chupa ya kioo. Kilichotoka kwanza kilikuwa maji, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli nayo hukaa chini. Tangi lisilojaa hupumua mchana na usiku. Hewa yenye unyevu huingia, ikapoa, ikawa matone. Baada ya maji likatoka tope jeusi lenye utelezi. Mzee alieleza kuwa hilo ni ukungu wa vijidudu vinavyoishi mahali maji na dizeli vinapokutana. Mafuta yote yakamwagwa katika madebe yasitumike tena, tangi likafunguliwa na kusuguliwa, na tulipotazama mfuniko wake tukaona tundu la hewa limezibwa kwa udongo. Nyigu alikuwa amejenga humo. Tundu hilo likiziba, tangi haliwezi kutoa mafuta, kama chupa iliyopinduliwa mdomo ukiwa mwembamba.

Mipira ya kupitishia mafuta ilikuwa imepasuka nyufa ndogo. Haikuvuja, na kijana alidhani yafaa. Mzee akamwambia kwamba upande ule pampu huvuta, haisukumi. Kwa hiyo ufa hautoi mafuta nje, bali huingiza hewa ndani. Mipira mipya ikanunuliwa pale pale barabarani. Vichujio vya dizeli vikabadilishwa.

Jioni ile mzee aliomba jiko la mkaa la shemeji. Tulishangaa. Akazitia motoni zile pete za shaba zinazokaa chini ya nozeli mpaka zikawa nyekundu, kisha akazitumbukiza katika maji. Shaba iliyokazwa miaka mingi huwa ngumu, haizibi tena. Ikipitishwa motoni hulainika ikakubali kuziba. “Hizi mpya hazipatikani Dumila Jumamosi usiku,” alisema, “lakini moto upo.”

JUMAPILI

Asubuhi ya Jumapili betri iliyochajiwa usiku kucha ililetwa. Vichwa vya nyaya vilioshwa kwa maji ya moto yenye magadi na kusuguliwa vikang'aa. Kabla ya kurudisha nozeli, stata ilipigwa kwa muda mfupi ili oili ipande na kufika kila mahali. Injini ikazunguka kwa sauti nyepesi. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, wengine wakitoka kanisani, wengine wakiacha meza zao za nyanya chini ya uangalizi wa watoto.

Nozeli zikarudishwa. Kazi ya kutoa hewa ikaanza. Kijana alishika mkono mdogo wa pampu ya kuvutia, akaupiga juu na chini, na mzee akafungua parafujo ya chujio. Kwanza yakatoka mapovu, halafu mafuta yenye mapovu, halafu mafuta matupu. Akaifunga. Akafungua ya pampu kubwa. Ikawa vivyo hivyo. Kisha akalegeza nati za bomba zinazoingia katika nozeli, akaagiza stata ipigwe sekunde kumi tu.

Hapo akatuonya jambo ambalo nalirudia kwa msisitizo: mtu asiweke kidole wala kiganja mbele ya mafuta yatokayo katika nozeli au bomba lake. Mgandamizo wake ni zaidi ya mara mia moja ya ule wa hewa tunayoivuta, na dizeli huweza kupenya ngozi na kuingia mwilini bila kidonda kikubwa kuonekana. Mkono huo huweza kukatwa.

Stata ikapigwa. Hakikutoka kitu. Dakika moja ya kupumzisha, ikapigwa tena. Kukavu.

Manung'uniko yalipita katika kundi la watu. “Nilisema pampu imekufa,” alisema kijana, si kwa furaha. Mnunuzi wa chuma chakavu, ambaye alikuwa amekuja siku moja kabla ya ahadi yake, alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu akinywa soda. “Mama,” alimwambia shemeji kwa upole, “pampu kama hiyo kuitengeneza ni fedha kuliko gari lenyewe.” Mtu mwingine akashauri tumimine petroli katika njia ya hewa. Mzee alikataa kwa ukali ambao hatukuwa tumeuona. Petroli katika injini ya dizeli huwaka kabla ya wakati wake. Huweza kuvunja pistoni, na huweza kumrudia mmiminaji usoni.

Alikaa juu ya bampa, akajifuta mikono, akanyamaza kwa muda mrefu. Kisha akamwita kijana. “Panda ndani. Vuta ule waya wa kuzimia injini, halafu urudishe.”

Magari ya namna hii hayazimwi kwa ufunguo. Kuna kishikio kidogo karibu na usukani. Dereva hukivuta, nacho kwa waya hugeuza kijiti kilicho ubavuni mwa pampu, na pampu ikafunga mafuta. Kijana alivuta, akarudisha. Mzee, aliyekuwa ameinama juu ya pampu, alikuwa akitazama kile kijiti. Hakikusogea. Waya ulikuwa umekatika ndani ya ala yake, na kijiti kilikuwa kimeganda kwa kutu katika hali ya kuzima.

“Watoto wamekirudisha kishikio,” alisema mzee, “lakini kijiti kimebaki pale pale alipokiacha mwenyewe.” Akanitazama mimi, kisha shemeji. Sote tulielewa ni mkono wa nani uliolizima gari lile kwa mara ya mwisho.

Alikimiminia mafuta ya taa, akakigongagonga kwa mpini wa bisibisi, akangoja, akakigeuza kwa vidole. Kilikwenda kwa kigugumizi, kikarudi, mpaka kikawa chepesi. Kabla ya kuagiza stata alimpa utingo wa zamani wa kaka ubao mpana, akamweka mbele ya mdomo wa hewa. Alieleza kwamba kijiti kilichoganda katika kuzima huweza pia kuganda katika kufungua, na injini ya dizeli isiyozimika hukimbia mpaka ijivunje. Ikitokea hivyo, ziba hewa kwa ubao, usizibe kwa mkono.

Safari hii dizeli ilitoka katika bomba la kwanza, la pili, mpaka la sita. Nati zikakazwa. Stata ikapigwa. Injini ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Ikapigwa tena. Ikashika silinda mbili, ikatetemeka kama mtu mwenye homa, ikashika ya tatu, na ghafla ikanguruma yote.

Watu walipiga vigelegele. Shemeji aliweka upande wa kanga machoni. Mnunuzi wa chuma alimaliza soda yake, akatabasamu, akasema, “Leo nimeshindwa na mzee.”

KUWAKA NA KUSIMAMA

Ningeweza kumaliza hapa, na msomaji angefurahi. Lakini jambo lililonifanya niandike habari hii lilitokea baada ya vigelegele.

Jirani mmoja alikuwa na kreti za nyanya zilizotakiwa Dodoma alfajiri ya Jumatatu. Gari la kukodi lilikuwa limemkosa. Kijana wetu, ambaye siku mbili zilizopita alitaka lori liwe chuma, sasa alikuwa wa kwanza kusema lipakiwe usiku ule ule. Nauli ingelipa gharama zote. Shemeji aliyumba. Mimi pia, nakiri, niliyumba. Tulikuwa tumetumia fedha, na fedha ilikuwa ikituita ng'ambo ya barabara.

Mzee alinyosha mkono, akageuza kijiti cha pampu. Injini ikazimika. Halafu akachomoa ufunguo, akautia mfukoni mwa shati lake.

“Gari linalowaka,” alisema, “si gari linalosimama.”

Akatuongoza kwenye magurudumu. Alifungua moja. Bastola ndogo za breki zilikuwa zimekwama kwa kutu, na raba zake zikamomonyoka alipozigusa. Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai, kwa maana hunywa unyevu wa hewa miaka inavyopita, na mafuta yenye maji huchemka breki zinapopata joto mteremkoni. Akatuonyesha matairi. Kwa macho yalikuwa na meno mazuri. Akasugua ubavu wa moja kwa kitambaa mpaka zikaonekana tarakimu nne. Mbili za kwanza ni juma la mwaka lilipotengenezwa, mbili za mwisho ni mwaka wenyewe. Tairi lile lilikuwa na miaka 13, na nyufa zilizokuwa katikati ya meno yake ziliingia ncha ya kisu.

“Kupanda Gairo injini itawapandisha,” alimwambia kijana. “Kuteremka ni nani atakayewashika?”

Hakuna aliyejibu. Barabara ile inajua misiba. Karibu na Dakawa, tarehe 12 Aprili, 1984, aliyekuwa Waziri Mkuu, Edward Moringe Sokoine, alifariki katika ajali ya gari akitoka Dodoma. Hapo Dumila penyewe wenyeji hawajasahau mwezi wa Januari, 2014, Mto Mkundi ulipofurika, ukaingia majumbani Magole na Dumila na kukata mawasiliano ya barabara. Mafuriko hayana mwenye kuyazuia kwa mkono. Lakini lori lisilo na breki lina mwenyewe, na mwenyewe huyo ana ufunguo. Ajali ya namna hiyo haiwezi kuitwa kudra.

Shemeji ndiye aliyekata shauri. Alimwambia jirani, “Tusamehe, mama. Nyanya zikioza tutalia siku moja.” Hakuendelea, wala haikuwa lazima aendelee.

Usiku ule tulikaa uani tukapiga hesabu. Shemeji alitoa magunia mawili ya mpunga yauzwe. Mimi nilitoa nilichokuwa nacho. Kijana aliingia ndani, akarudi na fedha alizokuwa akiziweka kidogo kidogo kwa ajili ya pikipiki, akaziweka juu ya mkeka bila kuzihesabu. Mama yake alizirudisha nusu. “Nawe una maisha yako,” alimwambia.

Majuma matano yalipita kabla lori halijatoka uani. Raba zote za breki zilibadilishwa, mafuta yake yakawa mapya, matairi sita yakapatikana, mengine mapya, mengine yaliyotumika lakini si ya zamani, na waya wa kuzimia ukawekwa mwingine. Safari ya kwanza haikuwa Dodoma. Ilikuwa Kilosa, chini ya kilomita 70, kwa mzigo wa nusu, na mzee mwenyewe akiwa ameketi kando ya dereva, akisikiliza.

Kwa mwenye gari lililosimama nina maneno machache. Ukijua litakaa, jaza tangi ili maji yasipate nafasi, toa waya wa betri, ziba njia ya hewa kwa kitambaa na uandike mahali fulani kwamba umeiziba, na kila mwezi uizungushe injini. Kama limekwisha kulala, liamshe kwa utaratibu: kwanza macho, kisha mikono, ufunguo uwe wa mwisho. Yafuate mafuta hatua kwa hatua, na kitu usichokifungua usikitangaze kuwa kimekufa. Na likiisha kuwaka, kabla ya kushangilia, zunguka gari lote, ukaulize kama litasimama.

Siku nilipoondoka Dumila, nilingoja basi pale njia panda. Kijana alinisindikiza. Magari makubwa yalipita mfululizo, mengine yakienda Dodoma, mengine yakikata kushoto kwenda Kilosa. Alikuwa akiyatazama magurudumu yake, moja baada ya jingine, wala hakuwa akizitazama rangi zake kama wafanyavyo vijana wengine.

“Baba mdogo,” alisema, “lile la pili lina tairi bovu.”

Nilitazama. Alikuwa amesema kweli.